HDR ndani ya chumba chenye dirisha kali: mambo ya kujua kabla ya kuanza

Saa sita mchana, ndani ya nyumba ya mawe Mji Mkongwe, jicho linaona boriti za dari na uchochoro ulioko nje ya dirisha kwa pamoja. Kamera haiwezi. Ukipimia mwanga wa boriti, dirisha linaungua likawa jeupe tupu. Ukipimia wa dirisha, chumba kinazama gizani. Ndiyo maana tunapiga picha kadhaa za mwanga tofauti na kuziunganisha; hiyo ndiyo HDR.

Funga kamera kwenye tripodi na uzime kizuia mtikisiko. Weka M (mipangilio ya mkono), ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), faili za RAW, yaani ghafi. Fokasi iwe ya mkono, na rangi ya mwanga uichague mwenyewe, usiiachie otomatiki. Kinachobadilika ni kasi ya shata peke yake. Ukigusa tundu la lenzi, kiti cha mbele kitatoka kikali kwenye picha moja na kufifia kwenye nyingine, na hapo programu haina la kufanya.

Anzia dirishani. Tafuta kasi ambayo histogramu, yaani grafu ya mwanga yenye giza kushoto na weupe kulia, haijagonga ukingo wa kulia. Kwa jua kali huwa karibu na 1/500 ya sekunde. Kisha shuka: 1/125, 1/30, 1/8, 1/2. Kila hatua inaingiza mwanga mara nne ya iliyotangulia. Simama pale histogramu inapoachana na ukingo wa kushoto. Wengi hutegemea AEB, yaani kamera kubadilisha mwanga yenyewe, ya picha tatu: −2 (giza zaidi), 0 na +2 (mwanga zaidi). Inatosha kwa baraza yenye kivuli, lakini dirisha kama hili litaishinda. Tumia taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera.

Kabla ya kupiga, zima pangaboi na fungia pembeni pazia linalopepea. Kitu kinachosogea hutoka kama mzimu. Programu zina kifutio cha mizimu, ila kikiwekwa juu sana huchukua sehemu hiyo kutoka picha moja tu, na chengachenga za gizani zinarudi. Zima na taa za ndani pia: njano ya balbu ikikutana na buluu ya mchana, ukuta mweupe unatoka na mabaka ambayo ni kazi kubwa kuyasafisha.

Programu ya Lightroom inaunganisha picha na kukupa faili la DNG, aina ya RAW, ambalo bado linaharirika vizuri. Asiye na hela atumie Enfuse, ya bure. Yenyewe huchukua kipande bora cha kila picha, na kwa vyumba matokeo yake mara nyingi ni ya asili zaidi.

Hapa ndipo wanaoanza wanapoharibu. Wanavuta kila kivuli mpaka fremu ya dirisha inazungukwa na mwale mweupe na ukuta unaonekana kama katuni. Punguza kontrasti ya sehemu ndogondogo, acha pembe ziwe na giza, na dirisha libaki jeupe kuliko chumba.

Siku ya mawingu, jaribu kwanza faili moja la RAW. Kwa kamera za sasa, mara nyingi kivuli kinanyanyuka bila kuunganisha chochote.