Nimehamishwa Kikazi: Nani Atalipia Gharama za Kuuza Nyumba?

SWALI: Wakili, mimi ni mtumishi wa serikali kuu hapa Nakuru na nimepata barua ya kuhamishiwa Kakamega. Nina nyumba Kiamunyi, nimeishi humo miaka sita. Kaka yangu ameajiriwa na serikali ya Marekani, na alipohamishwa alirudishiwa pesa alizomlipa dalali na wakili alipouza nyumba yake. Je, nami nina haki hiyo?

JIBU: Hapana, dada yangu. Afadhali ulijue hilo kabla hujabandika tangazo langoni.

Kaka yako amesema kweli. Kanuni za huko humruhusu mtumishi anayehamishwa kudai ada za dalali, za wakili na gharama nyingine za mauzo, mradi jumla isipite asilimia 10 ya bei. Lazima iwe nyumba aliyokuwa akitokea kwenda kazini alipoarifiwa uhamisho, na mauzo yakamilike ndani ya mwaka mmoja tangu aripoti kituo kipya, muda unaoweza kuongezwa kwa mwaka mwingine. Bei ya nyumba ikishuka, hasara ni yake.

Kwetu Kenya, marupurupu ya uhamisho ni ya kuhama na kujipanga upya. Dalali, wakili na mthamini utawalipa mwenyewe.

Ila kinachonikosesha usingizi kwa niaba yako ni kodi ya faida ya mtaji, yaani kodi ya faida unayopata ukiuza mali kama nyumba. Wengi wakihamishwa huweka mpangaji, wangoje bei ipande. Sheria husamehe kodi hiyo kwa nyumba ambayo muuzaji ameishi mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu hadi anapoihamisha kwa mnunuzi. Ukiuza ukiwa bado unaishi humo, umesamehewa. Ukiuza baada ya miaka miwili ya mpangaji, ile miaka yako sita haikusaidii tena.

Tuseme msamaha huo umekupita: kiwanja na ujenzi vilikula shilingi milioni 4, unauza kwa milioni 7, na gharama za mauzo ni 300,000. Faida ni milioni 2.7. Tangu Januari 2023 kiwango ni asilimia 15, kwa hiyo utadaiwa 405,000. Zamani kilikuwa asilimia 5.

Hata hivyo, si lazima uuze. Pesa za mpangaji zikikulipia pango Kakamega, huenda ukangoja, lakini ngoja ukijua bei ya kungoja. Na tunza risiti, ndizo ushahidi wa gharama zako za ujenzi. Mteja wangu mmoja alileta mfuko mzima wa risiti za saruji na mabati. Nyingi zilikuwa zimefifia, karatasi nyeupe tupu. Tulichoweza kuthibitisha ni malipo ya M-Pesa pekee. Zako zipige picha wiki hii.

Kama umeolewa, mumeo lazima aridhie mauzo kwa maandishi. Muulize kwanza, kisha ndipo umwite mthamini.