Molekuli moja ya yujenoli ina gramu ngapi? Gawa, usizidishe

Mdogo wangu, unauliza kwa nini yujenoli, C₁₀H₁₂O₂, imekupa gramu 9.87 × 10²⁵ kwa molekuli moja. Umezidisha pahala pa kugawa. Hizo ni kilo 9.87 × 10²², na mwezi mzima ni kama kilo 7.3 × 10²². Yaani kile kinachonukia kwenye karafuu, molekuli yake moja tu, imeushinda mwezi! Gramu za molekuli moja zikija na kipeo chanya, futa hapo hapo.

Anza na tungamo ya moli. Kwa namba za skuli: kaboni 12 × 10 = 120, hidrojeni 1 × 12 = 12, oksijeni 16 × 2 = 32. Jumla gramu 164, hiyo ni moli moja, na ndani yake mna molekuli 6.02 × 10²³ (namba ya Avogadro). Ni kama kuchukua uzito wa pishi ya karafuu ukaugawa kwa idadi ya punje zake:

164 ÷ (6.02 × 10²³) = 2.72 × 10⁻²² g

Mabano hayo usiyaache. Bila mabano kalkuleta inagawa kwa 6.02 kisha inazidisha kwa 10²³, unapata 2.72 × 10²⁴. Na ukibonyeza 6.02 × 10 halafu EXP (kitufe cha kipeo cha kumi) 23, umeingiza 10²⁴, maana EXP ina kumi yake tayari. Jibu linapungua mara kumi, na kosa hili halionekani upesi.

Wa jedwali la logi ndio wanaoumia zaidi. 2.2148 − 23.7796 = −21.5648. Usitafute antilogi ya .5648: jedwali halijui desimali hasi. Igeuze iwe −22 + 0.4352, antilogi ya .4352 ni 2.724, kipeo −22. Ukiona 3.67 ujue umenasa hapo. (Kumbe 3.67 × 10²¹ ni idadi ya molekuli katika gramu moja, umejibu swali la mwenzio.)

Kuhakiki: 1 ÷ (6.02 × 10²³) ni 1.66 × 10⁻²⁴, basi zidisha 164 × 1.66 × 10⁻²⁴ g. Lazima irudi ile ile 2.72 × 10⁻²². Wakitaka kilo, kipeo kinakuwa −25.

Tazama pia swali limeuliza nini. "Molekuli ya oksijeni" ni O₂, gawa 32, si 16. "Molekuli ya mafuta ya karafuu" haina jibu: mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) yanayokamuliwa kwa mvuke kule Wawi, Pemba, ni mchanganyiko, yujenoli ndiyo nyingi tu humo. Na chumvi ya bahari haina molekuli kabisa, ni ayoni za sodiamu na kloridi zilizopangana; hapo unagawa 58.5, ila andika "jozi moja ya NaCl".