Meneja kuuza ploti ya kampuni

Je, meneja mwenye barua ya kufuatilia leseni na kodi anaweza kukuuzia ploti ya kampuni? Hapana. Barua ya kufuatilia leseni na kodi haimpi meneja ruhusa ya kuuza ploti ya kampuni. Mwakilishi anaishia pale alipotumwa. Kwa Kenya, soma kifungu cha 37 cha Sheria ya Kampuni ya 2015: hati ya kampuni hutiwa sahihi na watu wawili kati ya wakurugenzi na katibu, au mkurugenzi mmoja mbele ya shahidi. Muhuri wa mpira hauongezi chochote. Wewe mnunuzi, dai azimio la bodi (uamuzi wa wakurugenzi ulioandikwa) linalotaja namba ya ploti yenyewe, si “mali za kampuni” tu. Ila kama wakurugenzi walimwacha siku zote ajitambulishe kama mwenye mamlaka hayo, kampuni yaweza kubanwa na mkataba aliosaini.