Sulisuli hufia ubavuni mwa boti

Wadogo zangu mnaopanda boti za wageni hapa Watamu kaskazi hii, mtaambiwa kazi yenu ni kufunga chambo na kumkabidhi mgeni rodi. Sawa, lakini mjue sulisuli, yule samaki mkubwa wa mdomo mrefu, anayetakiwa kurudi baharini akiwa hai mara nyingi huuawa na sisi mabaharia, dakika mbili za mwisho.

Mimi nimemuua mmoja. Mgeni alitaka picha, nikamwinua samaki juu ya ukingo, tanga lake, lile pezi refu la mgongoni, bado la buluu. Picha zikapigwa weee. Tulipomrudisha majini akaenda ubavuubavu, tumbo jeupe likizama polepole. Nahodha hakusema neno, alinivua glavu tu.

Basi samaki asitoke majini. Mgeni akitaka picha, na ainame yeye. Shika ule mdomo mrefu karibu na kichwa, ncha isimwelekee mtu, kwa maana unatoboa. Nahodha atie gia, boti itambae mbele, maji yaingie kinywani yatokee kwenye matamvua. Msimsukume mbele na nyuma kama mnaosuuza nguo. Mkia ukianza kupiga na mkono wako ukivutwa, mwachie.

Kwa chambo cha samaki tumieni ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani. Akila, usivute kwa pupa. Mwache aende nacho, kisha kaza mshipi taratibu, ndoana itanasa pembeni mwa mdomo. Ile ya kawaida humezwa hadi tumboni. Ikishamezwa, kata mshipi karibu na mdomo, usichokonoe.

Tegi, ile alama ndogo yenye namba ya kumtambulisha samaki, huchomwa kwenye nyama ya bega, chini ya tanga, mbali na kichwa. Kadi ijazwe palepale: tarehe, mahali, urefu wa kukadiria. Nimeona kadi zikijazwa jioni kwa kukumbukakumbuka, samaki wote wamekuwa wakubwa! Kadi hizo ndizo zinazopelekwa African Billfish Foundation, shirika la utafiti wa sulisuli na jamii yake, hapa hapa Watamu. Sulisuli aliyevuliwa tena mbali, kama kadi yake haikufika, ile tegi ni mwiba tu mwilini mwake.

Na mkirudi, kunjeni mishipi kabla ya kuingia maji ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Watamu. Hifadhi ilitengwa 1968 na ndani yake havuliwi hata samaki wa chambo.

Kijijini mtachekwa kwamba mnatupa kitoweo. Nguru na jodari tunakula, hilo halina ubishi. Sulisuli aliye hai ndiye anayemrudisha mgeni mwakani, na mgeni ndiye mshahara wetu. Tena jarife, zile nyavu kubwa za huko nje, zinamnasa bila kuchagua, hatuna haja ya kuongezea.

Baba yangu mdogo, mvuvi wa jarife, bado ananiona mwendawazimu. Nikimpelekea kichwa cha nguru hunyamaza siku mbili.