Mwandiko wako kuwa fonti
Dada uliyeuliza kama mwandiko wako unaweza kuwa fonti, yaani herufi za kuandikia kwenye kompyuta, inawezekana kabisa, huo mwandiko unaoutaka kwenye kadi za harusi unakuwa fonti siku hiyohiyo. Ingia tovuti ya Calligraphr, printi ile fomu ya viboksi, jaza kwa peni nyeusi yenye ncha nene kidogo, mi nilitumia biki ya bluu mistari ikatoka imekatikakatika nikarudia yote. Skani steshenari yoyote hapo Makoroboi, Mwanza, usipige na simu maana kivuli kinaharibu. Calligraphr ya bure inabeba herufi na alama 75, kubwa ndogo na namba ni 62 tu, hivyo nafasi ipo, jamani usisahau kale kaalama ka ng', huku kwetu kina Ng'wandu wamejaa watakosewa majina kwenye kadi. Ukishapandisha hiyo skani kwenye tovuti na kupakua faili la fonti (TTF) unainstoo, Word inaliona.