Njumu yenye pua ya mamba

*Shikamoo kaka. Nauza vifaa vya michezo Mbagala. Ninunue simu gani ili picha zitoke vizuri?*

Marahaba. Hiyo hiyo uliyonayo. Kila wiki swali hili! Futa lenzi kwa kitambaa laini, piga upya, ndipo tuongee.

*Njumu zangu zinatoka na pua ndefu kama mamba na kisigino kidogo. Wateja wanadhani ni mbovu. (Kariakoo)*

Unazisogelea mno. Lenzi kuu ya simu huona pana, na kilicho karibu nayo huvimba kuliko kilicho nyuma. Rudi hatua mbili, kisha vuta picha karibu (zuum) mara mbili au tatu. Halafu shuka. Piga magoti mpaka simu ilingane na soli, maana anayepiga akiwa wima anauza kamba tu. Kiatu kimoja kisimame kiubavu, mwenzake umlaze nyuma kwa mshazari, meno yakitazama kamera. Mchezaji wa viwanja vyetu vya vumbi hukagua meno kabla ya rangi.

Mbele ya pua acha nafasi; kiatu kilichobanwa ukingoni mwa fremu huonekana kimegonga ukuta. Na nafasi hiyo iwe tupu kweli: toa chupa ya maji, toa risiti, toa vidole vyako vya miguu. Juzi nimetumiwa picha ya njumu nzuri sana, nyuma yake sahani ya chipsi iliyoliwa nusu. Ninachokumbuka ni chipsi.

*Wataalamu wanasema kitu kisikae katikati. Mipira yangu yote nimeisukumia pembeni na bado haivutii.*

Hawakusema usukume tu. Washa gridi ya kamera, ile mistari inayogawa skrini, mpira ukae mistari inapokatana, na upande uliobaki upewe kazi: mstari wa chokaa unaotoka kwenye kona ya fremu kuuendea mpira, au kivuli kirefu cha jioni. Kama nyuma ni ukuta mtupu, mpira uweke katikati na usimwombe mtu radhi.

Kosa lako kubwa hukuliuliza. Mpira namba 5 una mzingo wa sentimita 68 hadi 70, namba 4 ni 63.5 hadi 66. Ukiwa peke yake pichani nani atajua ni upi? Weka glavu ya kipa kando yake, na namba iliyochapwa igeukie mbele.

*Jezi zangu nyekundu nikizipiga nje mchana zinametameta kama nailoni.*

Saa sita ya Dar! Mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba jua hapa hukaa utosini kabisa. Ingia barazani, au subiri saa kumi na moja jioni mwanga uje kwa ubavu, mishono na nembo zitokeze. Ukuta wa kijani au wa njano uukwepe, rangi yake hurukia kitambaa. Nyekundu, kijani, njano... naishia hapo, watani wa jadi wote wananisoma.

*Nikichukua picha za mtandaoni nikaweka namba yangu juu, kuna ubaya?*

Upo. Picha si yako, na mteja akikuta mzigo tofauti atakuumbua mtaa mzima. Nanyi wanunuzi, muuzaji mwenye picha za kiwandani tu mwambieni apige kiatu hicho sasa hivi, kando ya funguo zake. Akianza hadithi, msitume hela.

*Na flashi je?*

Izime.