Sauti nne, meza moja

Mara ya kwanza tulipoimba sauti nne (soprano, alto, tena na besi) sebuleni, tuliimba kama tulivyozoea kwenye kwaya: tumesimama kwenye mstari, vifua mbele. Ubeti wa pili haujaisha, jirani akagonga dirisha. Kelele hazikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni shemeji yangu, mwimbaji wetu wa sauti ya tena, ambaye siku nyingi alikuwa akipotea kwenye sauti yake na hakuna aliyegundua. Kanisani angejishikiza kwa wenzake watano. Nyumbani sauti ya tena ni yeye peke yake.

Nilielewa tatizo letu nilipoona kurasa za kitabu cha nyimbo cha John Dowland, kilichochapwa London mwaka 1597. Zilikuwa nyimbo za kuimbia nyumbani, na mpangilio wake unachekesha: soprano na luti (ala ya nyuzi inayofanana na gitaa) ziko ukurasa wa kushoto, halafu ukurasa wa kulia alto, tena na besi zimegeuzwa, kila moja na upande wake. Kitandaze kitabu kimoja mezani, watu wakizunguke, kila mtu anaisoma sauti yake bila kupinda shingo. Mwalimu wa kwaya hana hata pa kusimama.

Basi nasi tukahamia mezani. Kaeni mtazamane. Mke wangu, soprano, huvuta pumzi kwa mwendo uleule wa wimbo, nasi tunaingia naye.

Na imbeni chini, hata nusu ya sauti ya kanisani. Mimi besi nina kipimo kimoja: nisipomsikia alto, nimezidi. (Besi tuna ugonjwa huo.)

Chagueni kwanza nyimbo ambazo sauti zote hutamka neno kwa pamoja. Zile madrigali, nyimbo za zamani za sauti kadhaa, ambazo kila sauti inamkimbiza mwenzake ziacheni kwanza, sisi zilitugombanisha. Nakala za bure zimejaa kwenye tovuti ya Choral Public Domain Library. Mama, ambaye ndiye alto, hasomi nota za mistari, kwa hiyo namwandikia sol-fa (do, re, mi) kwa mkono. Kurasa mbili zinakula jioni nzima, lakini nikimaliza, alto nimeshaijua kuliko besi yangu.

Bila kinanda sauti zenu zitashuka tu chini ya noti mliyoanzia. Msisimamishe wimbo katikati kutafuta mchawi. Malizeni, kisha pigeni noti ya mwanzo kwenye simu muone mmeshuka kiasi gani. Kwetu mara nyingi chanzo ni "mi" iliyoimbwa kivivu, au noti moja inayorudiwa mara nyingi hadi inachoka.

Juzi Mama aliuliza maneno ya wimbo tuliokuwa tukiimba yanasema nini, maana Kiingereza chenyewe ni cha zamani. Nikamwambia ni mtu anamlilia mpenzi wake aliyemkataa.

"Kumbe taarabu hii!" Akavaa miwani vizuri, akagonga meza kwa kidole. "Haya, kutoka mwanzo."